Nani kaghairi? Somo la safari iliyovunjika

 

Somo la wiki hii ni refu kuliko kawaida, na nimeliandika kwa darasa la wakubwa pamoja na wazazi wao. Lisomeni nyumbani mezani. Mtoto asome kwa sauti na mzazi asahihishe matamshi. Mkifika kwenye maneno ya Kiswidi, mtoto amsahihishe mzazi. Linahusu neno kughairi, na linahusu fedha pia, maana wengi wetu tunakata tiketi za likizo ya Juni na Julai wakati huu.

Jumamosi iliyopita niliwaomba wanafunzi watunge sentensi kwa neno ghairi. Nikapata "Nimeghairi kula ugali," nikapata "Mama ameghairi kuninunulia simu." Zote ni sawa. Kisha mmoja akasema, "Ndege imeghairi." Darasa likacheka. Nikamwambia kughairi ni kubadili nia, na mwenye nia ni mtu. Safari ya ndege hufutwa, na anayeifuta ni shirika la ndege. Alininunia kidogo, lakini kosa lake ndilo lililonipa somo hili. Tofauti kati ya "tumeghairi safari" na "safari imefutwa" inaweza kuwa tofauti kati ya kurudishiwa nauli yote na kukosa hata senti. Sheria za hapa Uswidi zinaanza na swali hilo: nani kaghairi?

Yaliyotupata sisi

Desemba 2023 tulikata tiketi nne, Arlanda mpaka Dar es Salaam, na kutoka pale tupande basi hadi Tanga kwa mama yangu. Zilitugharimu kronor 52,000 na ushei. Tulikuwa tumeweka akiba kwa miaka miwili. Wakati wa kulipa nilichukua pia kinga ya kughairi, ile inayoitwa kwa Kiswidi avbeställningsskydd, kama kronor 300 kwa kila mtu, nikajisifu kwamba safari hii nimekuwa mjanja.

Siku tatu kabla ya kuondoka mwanangu wa pili akaanza kulia tumbo. Mimi ni muuguzi. Nilimbonyeza chini upande wa kulia, nikajua. Kidole tumbo. Usiku ule ule akafanyiwa upasuaji. Nililala hospitali siku mbili kwenye kiti kando ya kitanda chake, na safari ikanitoka kabisa kichwani. Baba yake alikuwa nyumbani na mdogo wake, akidhani mimi nimeshapiga simu kughairi. Mimi nikidhani yeye ndiye aliyepiga. Jumamosi alfajiri ndege ikaondoka na viti vyetu vinne vitupu, na Jumatatu ndipo tulipoulizana.

Kwenye masharti ya kinga ile, ukurasa wa pili, ilikuwa imeandikwa wazi: mteja aghairi mara tu sababu inapotokea, na kabla ya saa ya kuondoka. Sisi hatukughairi. Kwa macho ya kampuni hatukuwa watu waliouguliwa, tulikuwa abiria ambao hawakutokea uwanjani. Tuliandikiana barua kwa miezi minne. Mwisho tulirudishiwa kodi na ada za uwanja, kronor 3,000 hivi, na zilizobaki zikapotea. Sikuweza kuilaumu kampuni, ingawa nilijaribu sana.

Kule Tanga mbuzi alikuwa ameshanunuliwa na chumba cha watoto kimepakwa chokaa. Tulifika Julai 2025, tulipopata fedha nyingine. Mara ya mwisho watoto walipokwenda, bibi yao alikuwa akiwashika mkono na kutembea nao mpaka soko la Mgandini. Safari hii aliwapokea akiwa amekaa barazani, na sokoni walikwenda na mjomba wao.

Siku 14 ambazo hazipo

Wazazi wengi huniambia, "Mwalimu, si tuna siku kumi na nne za kujuta?" Ukinunua viatu kwenye intaneti, ndiyo, unazo. Ndiyo haki inayoitwa ångerrätt. Lakini sheria hiyo hiyo imeyatoa nje mambo ya usafiri, malazi na burudani yenye tarehe maalumu. Ukilipia tiketi saa tano usiku na ukajuta saa tano na dakika kumi, umeshachelewa, isipokuwa kama kampuni yenyewe imetoa muda wa kughairi bure katika masharti yake. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwenye tiketi ya ndege mjukuu huyo huzaliwa usiku ule ule.

Kwa hiyo anayetaka kujuta ajute kabla ya kubonyeza "lipa".

Kifurushi na tiketi peke yake

Hapa watoto wasome polepole, maana ndipo watu wazima wanapopotea.

Kama umenunua huduma mbili au zaidi za safari moja kwa pamoja, mathalani ndege na hoteli ya Zanzibar kwa bei moja, hicho ni kifurushi, paketresa. Kina sheria yake, paketreselagen, iliyoanza kutumika hapa tarehe 1 Julai 2018 na inayofuata maelekezo ya Umoja wa Ulaya. Mwenye kifurushi ana haki ya kughairi wakati wowote kabla ya safari kuanza. Lakini atalipa ada ya kughairi, na ada hiyo lazima iwe ya kiasi. Kampuni nyingi zimeweka viwango vinavyopanda kadiri siku ya safari inavyokaribia. Anayeghairi miezi miwili kabla hupoteza kidogo. Anayeghairi jana yake hupoteza karibu yote.

Kampuni nayo ina mipaka. Ikipandisha bei kwa zaidi ya asilimia 8, unaweza kughairi bila ada. Katika siku 20 za mwisho kabla ya kuondoka haiwezi kupandisha kabisa. Na yenyewe ikiifuta safari, ikurudishie fedha zako ndani ya siku 14.

Kuna haki moja ambayo sijakutana na mzazi anayeijua. Kifurushi unaweza kumhamishia mtu mwingine. Ukiiarifu kampuni siku 7 kabla au mapema zaidi, haiwezi kukwambia umechelewa. Unalipia tu gharama halisi za kubadili majina. Kama wewe huwezi kwenda na dada yako anaweza, huna haja ya kughairi hata kidogo.

Tiketi ya ndege peke yake haina sheria kama hiyo. Ukighairi mwenyewe, unafuata masharti ya tiketi uliyochagua, na tiketi ya bei rahisi kwa kawaida hairudishiwi nauli. Uliza walau kodi na ada za uwanja, kama tulivyofanya sisi.

Lakini shirika likiifuta ndege, mambo yanageuka. Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inakupa uchaguzi: urudishiwe nauli yote ndani ya siku 7, au upelekwe unakokwenda kwa njia nyingine. Uchaguzi ni wako wewe, si wao. Wakikupa vocha badala ya fedha, lazima wewe mwenyewe ukubali kwa sahihi yako. Juu ya hapo, kama walikuarifu zikiwa zimebaki chini ya siku 14, kwa umbali kama wa Stockholm hadi Dar es Salaam kila abiria anaweza kudai fidia ya yuro 600, isipokuwa wakionyesha kwamba sababu ilikuwa nje ya uwezo wao au wamekupa ndege nyingine ya karibu na saa zako. Kila abiria, maana yake hata mtoto aliyelipiwa kiti. Ukiondoka Arlanda kanuni hii inakulinda kwa shirika lolote. Ukirudi kutoka Dar inakulinda ikiwa shirika ni la Ulaya. KLM ni la Ulaya. Ethiopian Airlines si la Ulaya. Kwa wale mnaolinganisha bei, hilo nalo lipigieni hesabu.

Kidogo kuhusu arbuni. Malipo ya kwanza ya kushikia nafasi tunayo kwa Kiswahili tangu zamani, na wanaojua kishika uchumba watanielewa haraka. Upande wa mume ukighairi, haudai kurudishiwa. Upande wa mke ukighairi, unarudisha. Hata babu zetu waliuliza kwanza: nani kaghairi?

Hofu, na siku ya kughairi

Baada ya uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025, Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku na intaneti ikakatwa. Wiki ile simu yangu haikupumzika. Wazazi waliokuwa na safari za Desemba walitaka kujua kama wanaweza kughairi na kurudishiwa zote.

Mwenye kifurushi anaweza kughairi bila ada kama mahali anapokwenda, au karibu yake, pana hali isiyo ya kawaida wala ya kuzuilika, na hali hiyo inaiharibu safari yake kwa kiasi kikubwa. Tarehe 29 Februari 2024 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu mbili juu ya jambo hili. Katika moja ilisema si lazima serikali iwe imetangaza onyo la kutosafiri ndipo msafiri apate haki yake, ingawa onyo la namna hiyo ni ushahidi mzuri. Nyingine ilimhusu Mjerumani aliyekuwa na kifurushi cha kwenda Japani na mkewe Aprili 2020. Kwa kuogopa korona alighairi tarehe 1 Machi. Tarehe 26 Machi Japani ikafunga mipaka. Akasema, basi mnaona nilikuwa sahihi, nirudishieni ada. Mahakama ikajibu kwamba kinachoangaliwa ni hali ilivyokuwa na ilivyotarajiwa siku ile aliyoghairi. Yaliyotokea baadaye hayahesabiwi.

Kwa hiyo niliwaambia wenye vifurushi vya mwisho wa Desemba: tazameni masharti yenu ada inapanda tarehe gani, na kama bado mna siku kabla haijapanda, subirini mpaka karibu na siku hiyo. Mwenye hofu anayeghairi mapema sana analipa kwa hofu yake. Wenye tiketi za ndege peke yake nilikuwa na maneno machache ya kuwapa. Kama ndege inaruka, hata onyo la Wizara ya Mambo ya Nje peke yake haliwarudishii nauli. Mimi mwenyewe nadhani hapo sheria inawabana watu wetu, kwa sababu sisi hatuendi hotelini, tunakwenda kwa mama, na anayekwenda kwa mama hununua tiketi tu.

Cheti cha daktari

Mnaniuliza sana kwenye korido, basi nijibu mara moja kwa wote. Siwezi kukuandikia cheti. Muuguzi haandiki. Kinachotakiwa ni läkarintyg kutoka kwa daktari aliyekuona wewe au mtoto, na kampuni nyingi hazikubali cheti cha daktari ambaye ni ndugu yako. Mwonane na daktari kabla ya tarehe ya kuondoka, na mwambie wazi kwamba cheti ni cha kughairi safari, ili aandike kama anashauri usisafiri, si kuandika tu kwamba una homa. Piga 1177 kama hujui pa kuanzia. Ugonjwa uwe wa ghafla. Mwenye presha au kisukari cha siku nyingi asome masharti kabla ya kununua, kwa kuwa kwa kawaida kinga hailipi kwa ugonjwa uliojulikana siku ya kukata tiketi, ila kama ulikuwa umetulia kwa muda fulani.

Na kabla hujanunua kinga, soma bima ya nyumba uliyo nayo. Nyingi za hapa zina bima ya safari kwa siku 45 za mwanzo. Hiyo ni kwa atakayeugua akiwa safarini. Kughairi wakati mwingine kumo, wakati mwingine unaongeza fedha.

Mama mdogo si "mama"

Kinga nyingi hulipa pia kama ndugu wa karibu, nära anhörig, ameugua sana au amefariki. Hapo ndipo Kiswahili chetu kinatuponza. Kila kampuni ina orodha yake ya ndugu wa karibu. Mume au mke, watoto, wazazi na ndugu wa tumbo moja utawakuta. Mama mdogo, baba mkubwa, shangazi, mara nyingi hutawakuta.

Mtoto akisema kwa Kiswidi "min mamma i Tanga" akiwa na maana ya mama mdogo, Mswidi anaandika mama. Karatasi za hospitali zikija na jina lingine, inaonekana kama mmedanganya. Semeni kwa usahihi tangu mwanzo: mama mdogo ni moster, shangazi ni faster, mjomba ni morbror, baba mdogo ni farbror. Na kama mama mdogo ndiye aliyekulea, liseme hilo nalo, kwa maandishi. Sikuahidi kwamba watakubali. Lakini wasipoelezwa hawawezi hata kulifikiria.

Saa kumi na mbili ya wapi?

Darasa la wadogo mnaweza kujiunga hapa. Hoteli ya Zanzibar inasema mwisho wa kughairi bure ni saa 18:00. Kwa Kiswahili hiyo ni saa ngapi? Saa kumi na mbili jioni. Na ni jioni ya Zanzibar. Wakati wa baridi Zanzibar iko mbele yetu kwa saa mbili, wakati wa kiangazi kwa saa moja. Kwa hiyo mwezi Januari, ukiwa hapa Stockholm, mwisho wako ni saa kumi jioni. Ukisubiri utoke kazini umekosa.

Rudi, rudisha, rudishia, rudishiwa

Tazameni neno linavyokua. Mimi narudi. Kampuni inarudisha fedha. Kampuni inanirudishia mimi fedha. Mimi narudishiwa fedha. Ukitaka kuomba, geuza mwisho: nirudishiwe, turudishiwe. Jambo kubwa kama hili kwa Kiswahili linakaa ndani ya neno moja.

Kampuni ya hapa utaiandikia Kiswidi. Lakini nyumba ndogo ya wageni ya Paje au Lamu iandikie Kiswahili, utajibiwa upesi na kwa upole zaidi. Mfano:

Kwa Meneja,
Salaam. Tuliweka nafasi ya vyumba viwili kwenu kuanzia tarehe 3 hadi 10 Julai. Tunasikitika kuwaarifu kwamba tumelazimika kughairi, kwa kuwa mtoto ameugua. Leo ni tarehe 12 Juni, na masharti yenu yanaruhusu kughairi bila ada mpaka siku 14 kabla ya kufika. Tunaomba turudishiwe arbuni tuliyotuma, shilingi 400,000, kwa njia ile ile tuliyolipia. Tafadhali tujibuni kwa maandishi.
Wenu, familia ya …

Angalieni kwamba barua ina tarehe, ina sharti lao wenyewe, na ina kiasi. Haina matusi. Mkipiga simu, bado andikeni baadaye, maana maneno ya simu hayana pa kushikwa.

Kampuni ya hapa ikikataa na unaona una haki, anza kwa kulalamika kwao kwa maandishi. Wakikataa tena, peleka shauri ARN, Allmänna reklamationsnämnden. Huhitaji wakili. Wanachotoa ni pendekezo, si hukumu ya kulazimisha, lakini kampuni nyingi hulifuata. Kampuni ya kifurushi ikifilisika, Kammarkollegiet ndiyo inayoshughulikia dhamana ya safari. Konsumentverket wanatoa ushauri bure. Mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kukaa na mzazi wake na kujaza fomu za ARN. Nimewaona wakifanya hivyo, na vizuri kuliko sisi.

Mazungumzo ya kusoma kwa sauti

Mtoto: Shikamoo bibi.
Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Mnakuja lini? Nimeshaweka mchele.
Mtoto: Bibi, samahani. Safari imevunjika. Kaka amefanyiwa upasuaji.
Bibi: Ee Mungu wangu! Anaendeleaje?
Mtoto: Anaendelea vizuri. Anakula uji.
Bibi: Alhamdulillahi. Basi mwacheni apone. Mmeghairi au mmeahirisha?
Mtoto: Tumeahirisha, bibi. Mama ameshapiga simu leo asubuhi, kabla ya ndege kuondoka. Tutarudishiwa nauli.
Bibi: Mama yako kapiga simu mwenyewe?
Mtoto: Hapana. Mimi ndiye niliyemkumbusha.

Kazi ya nyumbani

Watoto: eleza kwa sentensi mbili tofauti ya kughairi, kuahirisha na kufuta. Kisha mwombe mzazi akuonyeshe tiketi au kifurushi mlichonunua mwaka huu, utafute ndani yake tarehe ya mwisho ya kughairi, na uiandike kwenye karatasi mbandike mlangoni pa friji. Wazazi: chini ya tarehe hiyo andikeni jina la mtu mmoja atakayepiga simu. Mmoja tu. Leteni daftari Jumamosi, saa nne asubuhi, na wanaoleta maandazi waje robo saa kabla.